Gari la Dizeli Likipungukiwa Nguvu: Kuifuata Njia ya Mafuta

Gari kuukuu la dizeli hudhoofika polepole kabla ya kusimama. Asubuhi huwaka kwa taabu. Likiisha kupata moto huvuta vyema. Likifika mlimani hupungukiwa nguvu, hutetemeka, kisha huzimika. Likipumzishwa kidogo huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Mwenye gari humwita fundi, na fundi mwenye haraka huinyoshea kidole pampu kubwa ya mafuta, akasema imekwisha. Pampu hiyo ndiyo chombo cha ghali kupita vyote vilivyomo katika njia ya mafuta, na mara nyingi ndiyo isiyo na hatia. Makala haya yaeleza namna ya kuifuata njia hiyo tangu tangini hata kwenye silinda, ili pampu isihukumiwe kabla mashahidi hawajasikizwa.

Na achukuliwe kwa mfano mkulima wa Kinangop, mahali palipo juu ya meta 2,400 kutoka usawa wa bahari. Anayo Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hata 1985, yenye injini ya dizeli ya lita mbili na robo. Kila alfajiri huchukua maziwa yake na ya jirani zake, akayapeleka kwenye mtambo wa kupozea. Jumatatu gari lilizimika kwenye kilima cha mwisho. Alipongoja dakika kumi likawaka, akaendelea na safari. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano lilisimama mara tatu, jua likapanda, na mitungi ilipofunguliwa mtamboni maziwa yalikuwa yamekwisha kuchacha. Yalikataliwa yote. Jirani wawili wamekwisha kumwambia kwamba mambo yakiendelea hivyo watatafuta gari lingine, na bei ya pampu aliyotajiwa na fundi itamlazimu auze mtamba. Mtu kama huyu hana fedha ya kubahatisha.

Kabla ya kushika spana yafaa kujua injini hii hufanyaje kazi. Injini ya dizeli haina kabureta wala plagi za cheche. Hewa peke yake huingia katika silinda, na pistoni huibana mpaka, katika injini ya Land Rover hii, hewa iliyokuwa imejaza mafungu ishirini na matatu hukaa katika nafasi ya fungu moja. Hewa iliyobanwa hivyo huwa na moto mkali, na dizeli ikinyunyizwa ndani yake kama ukungu huwaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani, aliionyesha injini yake ikifanya kazi mjini Augsburg mwaka 1897, lakini injini za kwanza zilikuwa kubwa na nzito, kwa sababu mafuta yalisukumwa silindani kwa hewa kutoka mtambo wa pekee. Kampuni ya Bosch ilipoanza mwaka 1927 kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma dizeli, ndipo malori na magari madogo yalipoweza kuitumia injini hiyo kwa urahisi. Land Rover ya kwanza ya dizeli ilitoka mwaka 1957.

Njia yenyewe si ngumu. Mafuta hutoka tangini kwa mrija uliozamishwa karibu na chini ya tangi, ambao mdomo wake una wavu wa kuzuia taka. Huvutwa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, ambayo ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka kwa kusukumwa na injini yenyewe. Pampu ndogo huyasukuma mpaka kwenye chujio, na kutoka hapo huingia katika pampu kubwa. Pampu kubwa huyagawa kwa kipimo na kwa wakati wake, ikiyapeleka kwa mirija minne ya chuma kwenye nozeli nne, kwa mkazo unaopita mara hamsini ule uliomo katika gurudumu la gari. Mafuta yanayosalia hurudi kwa mrija mwembamba.

Tangu tangini hata pampu ndogo ni upande wa kuvuta. Baada ya pampu ndogo ni upande wa kusukuma. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kazi yote. Mrija ukitoboka upande wa kusukuma, dizeli hudondoka na kila mtu huiona. Ukitoboka upande wa kuvuta, hakuna kinachodondoka wakati injini inakwenda, kwa sababu hewa ndiyo inayoingia. Mwenye gari hutazama chini, akaona pakavu, akaridhika, na kumbe mrija unakunywa hewa. Hewa hubanika, na dizeli ni kama haibaniki. Basi pampu kubwa ikimeza hewa hujisumbua bure, kama mtu anayepiga bomba la maji katika kisima kilichokauka.

Uchunguzi huanza kwa macho na masikio. La kwanza kutazamwa ni moshi. Injini iliyonyimwa mafuta haitoi moshi mweusi. Moshi mweusi maana yake mafuta yapo tele ila hewa ya kuyaunguza haitoshi, au nozeli inatiririsha mahali pa kunyunyiza. Gari likipoteza nguvu huku likifuka moshi mweusi, na lichunguzwe chujio la hewa kwanza. (Katika nchi za juu kama Kinangop hewa ni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kuliko ilivyo pwani, na injini kuukuu hutoa moshi kidogo mlimani hata ikiwa nzima, jambo hilo lisimtie mtu hofu.) Moshi mweupe wa asubuhi wenye harufu ya dizeli mbichi husema kwamba mafuta yamefika silindani lakini hayakuwaka. Hapo zichunguzwe plagi za kupashia moto, ambazo katika nyingi za injini hizi zimeunganishwa moja baada ya nyingine, hata ikiungua moja zote nne hazifanyi kazi. Lakini ikiwa stata inaizungusha injini, na bomba la moshi halitoi hata uzi wa moshi, mafuta hayafiki kabisa.

Kwa gari la namna hiyo ya mwisho, kabla ya kufungua chochote na kitazamwe kitufe cha kuzimia injini. Kebo yake ikikwama kwa kutu, pampu hubaki imefungwa, au imefungwa nusu, na si ajabu mtu kufungua injini siku mbili kwa ajili ya kitufe tu. Katika magari ya baadaye, kama Toyota nyingi za dizeli za miaka ya 1980 na 1990, kazi hiyo hufanywa na swichi ya umeme iliyo juu ya pampu. Ufunguo ukigeuzwa husikika mlio mdogo, na usiposikika, waya wake uchunguzwe kwanza.

La pili ni wakati. Gari linalowaka kwa taabu baada ya kulala, kisha likaenda vyema kutwa nzima, aghalabu huingiza hewa upande wa kuvuta, na usiku mafuta yake hurudi tangini. Gari linalokwenda vyema mahali tambarare likadhoofika mlimani hupata mafuta, ila hayatoshi haja yake ya juu: mahali fulani pameziba kwa sehemu. Na gari linalozimika, likapumzika, likapona lenyewe, hilo lina kizuizi kinachokuja na kuondoka. Pampu kubwa iliyochakaa kwa kawaida hutenda kinyume chake: ikizimwa ingali moto hukataa kuwasha, na hutaka ipoe kabisa. Kwa hiyo mkulima wa Kinangop, hata kabla ya kuchafua mikono, alikuwa na sababu ya kuyatilia shaka maneno ya fundi. Gari lake halikutoa moshi mweusi, lilizimika mlimani, na likapona kwa dakika kumi.

Mahali pa kuanzia ni kifuniko cha tangi. Mafuta yakitolewa tangini lazima hewa iingie mahali pake, na hewa hiyo hupitia tundu dogo. Anayekunywa kutoka chupa akiibana kwa midomo asiiachie hewa huona maji yakikataa kutoka. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Jaribio lake ni rahisi: gari likisha kuzimika, kifuniko kifunguliwe pale pale, na sikio litegwe. Ikisikika hewa ikivutwa ndani kwa mvumo, tundu limeziba. Kifuniko cha Land Rover ya mkulima huyu kilipotea mwaka uliopita, na mahali pake palifungwa karatasi ya plastiki kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Aliponunua kifuniko chenye tundu, Alhamisi gari lilipanda kilima bila kusita. Ijumaa likazimika tena, mara moja tu. Kosa la kwanza lilikuwa limepatikana, na la pili bado. Yafaa lisisitizwe jambo hili, kwa sababu wengi wakiona nafuu ya siku moja huacha kutafuta.

Baada ya tangi hutazamwa kikombe kinachokusanya maji na taka, ambacho katika magari mengine ni cha kioo na kimefungwa chini ya pampu ndogo. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, yakionekana kama shanga zinazoviringika. Palipo na maji na dizeli pamoja kwa muda mrefu huota uchafu laini mweusi, mfano wa kuvu, nao huziba chujio upesi. Kikombe kioshwe, na washa yake ibadilishwe. Washa hiyo ni ya bei ndogo sana, na ikiwa ngumu huingiza hewa ya kutosha kulisimamisha gari.

Kisha huja pampu ndogo. Mrija unaotoka humo kwenda kwenye chujio hufunguliwa na kuelekezwa katika chupa safi. Kitufe cha kuzimia huvutwa, na mtu wa pili huizungusha injini kwa stata. Mafuta yapaswa kuruka kwa nguvu, mruko mmoja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Yakitoka kwa kudondoka, kiwambo kimechoka au valvu zake zimechafuka. Pampu hii ina mkono mdogo wa kupigia kwa kidole, nao huwahadaa watu: injini ikisimama mahali ambapo imekwisha kukisukuma kiwambo, mkono hulegea na hauvuti kitu. Basi injini izungushwe kidogo, na mkono ujaribiwe tena, kabla ya pampu kutupwa. Kuna ishara nyingine inayosahauliwa. Kiwambo kikipasuka, dizeli yaweza kumwagikia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Kijiti cha kupimia oili kikionyesha kwamba oili imeongezeka bila kuongezwa, na ikinuka dizeli, injini isiwashwe tena mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe, kwa sababu oili iliyopunguzwa makali hivyo hailindi vyuma.

Chujio halina mengi ya kueleza. Likiwa halijulikani lilibadilishwa lini, libadilishwe. Uangalifu mmoja tu watakiwa: pete kuukuu za mpira mara nyingi hung'ang'ania mahali pake, na mtu akiweka pete mpya juu ya ile ya zamani, chujio litavuja.

Kuhusu hewa, hakuna chombo kizuri kuliko kipande cha mpira wa plastiki unaopenyeza nuru. Kikiunganishwa mahali pa mrija, mbele ya pampu ndogo, mafuta huonekana yakipita. Mapovu ya mwanzo si kitu. Yakiendelea baada ya dakika kadhaa, hewa inaingia nyuma ya hapo. Kipande huhamishwa nyuma hatua kwa hatua kuelekea tangini, na mahali mapovu yanapokoma, kasoro imo kati ya hapo na mahali palipotangulia. Mara nyingi hupatikana mpira uliopasuka nyufa ndogo chini ya kifungo chake, mahali ambapo jicho halifiki.

Kila mara njia ya mafuta inapofunguliwa, hewa huingia, na lazima itolewe. Kazi hii hufuata mwendo wa mafuta. Skrubu ya juu ya chujio hulegezwa, na mkono wa pampu ndogo hupigwa mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha skrubu hukazwa. Halafu hufanywa vivyo hivyo kwa skrubu mbili za pampu kubwa, ya ubavuni kwanza, ya juu baadaye. Mwisho nati za nozeli mbili hulegezwa kidogo, injini huzungushwa kwa stata mpaka mafuta yachuruzike hapo, na nati hukazwa. Mwenye kuruka hatua moja atarudi kuianza kazi upya.

Sasa waja ushahidi ulio mkuu, ambao mafundi wengi hawapendi kuutafuta kwa kuwa wahitaji nusu saa. Debe safi la lita tano, lenye dizeli safi, huwekwa mahali palipo juu kuliko injini, na mpira kutoka debeni hupeleka mafuta kwa uzito wake wenyewe mpaka kwenye chujio. Mrija utokao tangini huzibwa, ili pampu ndogo isiendelee kuvuta na kumwaga mafuta juu ya injini. Land Rover yenye gurudumu la akiba juu ya boneti ina mahali pazuri pa debe, katikati ya gurudumu, mradi lifungwe kwa kamba imara, mpira usiguse bomba la moshi, na dereva aendelee kuona njia. Lisipoweza kufungwa imara, jaribio lifanywe gari likiwa limesimama, wala pasivutwe sigara. Hewa ikiisha kutolewa, injini huwashwa. Ikiwa sasa yavuta kwa nguvu zake zote, pampu kubwa na nozeli hazina hatia, na kasoro i nyuma yake: katika pampu ndogo, mirija, au tangi. Ikiwa ugonjwa ni ule ule, tangi na mirija yake imeachiliwa huru, na uchunguzi uelekee mbele.

Land Rover ya Kinangop ilipanda kilima kile mara tatu mfululizo kwa debe, ikiwa na mzigo, isitetemeke. Fedha ya mtamba ikaokoka hapo.

Lakini si kila gari hupona kwa debe, na kwa yale yasiyopona yafaa kueleza upande wa mbele. Injini ikinguruma kwa kuruka mpigo, nati ya kila nozeli hulegezwa moja moja huku injini ikinguruma polepole, kisha hukazwa. Nati ya silinda nzima ikilegezwa, mlio wa injini hubadilika. Ile ambayo haibadilishi kitu ndiyo ya silinda mgonjwa. Nozeli yake hubadilishana mahali na ya silinda nyingine, na washa mpya za shaba. Ugonjwa ukiifuata nozeli, nozeli ndiyo mbaya. Ukibaki pale pale, chanzo ni kingine, labda valvu au mrija wa chuma. Hapa pana jambo la kukumbuka. Pampu ya Land Rover hii, na nyingi za namna yake, ina jozi moja tu ya vibonyezo vinavyozihudumia silinda zote kwa zamu. Vibonyezo hivyo vikichakaa, silinda zote hudhoofika pamoja. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba pampu yake imekufa kwa sababu silinda moja haipigi, ana haki ya kuuliza maswali.

Kazi hii ya kulegeza nati ina hatari ambayo watu huidharau. Nati hufunikwa kwa kitambaa kinene, ikalegezwa kidogo tu, na mkono usiwekwe kamwe mbele ya mafuta yanayoruka, wala mtu asiijaribu nozeli iliyofunguliwa kwa kuielekeza kwenye kiganja. Dizeli yenye mkazo huo hupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo kama cha sindano, na huenda mwanzoni kisiume sana, lakini mafuta yakiisha kuingia huua nyama ya ndani, na watu wamepoteza vidole na hata mkono. Aliyepatwa na hayo na apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aelezwe wazi kwamba ni mafuta yaliyopenya kwa mkazo.

Kuna wakati pampu kubwa kweli ina hatia, na haki yataka hilo lisemwe pia. Vyuma vyake vya ndani vimelingana kwa unyoya, na vikichakaa, dizeli iliyopata moto na kuwa nyepesi hupita kando yake badala ya kwenda kwenye nozeli. Gari la namna hiyo huwaka vyema likiwa baridi, hutembea, kisha likizimwa lingali moto halitaki kuwaka. Mwenye gari achovye kitambaa katika maji baridi, akizungushie pampu huku injini imezimwa, angoje kidogo, kisha ajaribu. Likiwaka, ushahidi umepatikana. Maji yasimwagwe juu ya pampu inayozunguka, kwa maana chuma kikipoa ghafula huweza kukwama. Pampu iliyochakaa hupelekwa kwa wenye mashine ya kuipimia. Anayeifungua juu ya meza ya mbao na kuigeuza skrubu yake iliyotiwa lakiri huharibu vipimo asivyoweza kuvirudisha.

Pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, wala hazina oili nyingine humo. Ndiyo sababu hufa mapema kwa maji, kwa kuzungushwa kavu, na kwa mafuta ya taa yanayochanganywa katika dizeli na wauzaji wasio waaminifu. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli. Mwezi wa Septemba 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya hila hiyo ipungue. Anayenunua dizeli kwa mitungi kando ya barabara, kwa kuwa ni nafuu kwa shilingi chache, yampasa ahesabu pia bei ya pampu.

Kwa mkulima wa Kinangop palibaki mirija na tangi. Pampu ndogo ilikuwa imeruka vyema katika chupa, na mpira wa plastiki haukuonyesha mapovu. Mrija ulifunguliwa kwenye pampu ndogo, kifuniko cha tangi kikaondolewa, na hewa ikapulizwa kuelekea tangini kwa pampu ya baiskeli. Mwanzoni ilikataa, kisha kitu kikaachia ghafula, na mafuta yakasikika yakibubujika tangini. Asiyekuwa na pampu asijaribu kutumia mdomo, wala dizeli isifyonzwe kwa mdomo kwa sababu yoyote. Ikishuka katika mapafu huleta maradhi makubwa, na mtu aliyeimeza asitapishwe.

Kupuliza kulithibitisha mahali pa kasoro, wala hakukuiondoa. Tangi, ambalo katika Land Rover hii liko chini ya kiti, lilimwagwa katika beseni kupitia skrubu yake ya chini, nje ya nyumba na mbali na moto, kisha likashushwa. Ndani mlikuwa na magamba ya kutu kama majani ya chai, maji kiasi cha kikombe, na ukanda wa plastiki uliolegea kwa kukaa katika dizeli, mrefu kama kiganja. Ulikuwa umekatika kutoka karatasi ile ile iliyofungwa mahali pa kifuniko. Injini ilipohitaji mafuta mengi mlimani, ukanda ulivutwa ukaufunika wavu. Injini ilipozimika, mvuto ulikoma, ukanda ukaanguka, na gari likawaka.

Tangi lilisuguliwa kwa kutiwa kokoto chache na dizeli na kutikiswa, likasuuzwa mara nne mpaka dizeli ikatoka safi, kokoto zikahesabiwa zilipotoka. Wavu ulioshwa, washa zikabadilishwa, chujio jipya likawekwa, na hewa ikatolewa kwa utaratibu uliokwisha kuelezwa. Gharama yote ilikuwa kifuniko, chujio, washa tatu na dizeli ya kusuuzia. Jumatatu iliyofuata maziwa yalifika kabla ya saa moja na nusu, pamoja na mitungi ya wale jirani wawili. Kutu iliyotikiswa haitoki yote kwa siku moja. Kwa hiyo kikombe kifunguliwe na kuoshwa kila jioni kwa juma la kwanza, na chujio lile libadilishwe tena baada ya kilometa 500 hivi, hata likionekana safi kwa nje.